Weupe, Wekundu na Weusi: Mwangaza wa Rangi katika Usomaji Mpya wa Shajara za Livingstone za Kabambare na Nyangwe

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa hati zinazotumiwa na watafiti wa historia ya Maniema ya kusini katika karne ya 19, shajara alizoandika David Livingstone kati ya mwaka 1870 na 1871 zina nafasi ya pekee. Sehemu kubwa ya shajara hizo iliandikwa mahali pawili: Bambarre, ambayo ndiyo Kabambare ya leo, na Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, katika teritwari ya Kasongo. Kwa muda wa karibu miaka 140 kurasa zake nyingi hazikusomeka vema kwa macho. Zilianza kusomeka tena kuanzia mwaka 2010, wataalamu walipozipiga picha chini ya mianga ya aina mbalimbali, kisha wakazitia picha hizo rangi ambazo hazimo katika karatasi zenyewe.

Jambo hilo la mwisho ndilo mada ya makala haya. Rangi zinazoonekana katika picha hizo si za wino wala za karatasi. Ni rangi zilizochaguliwa ili jicho la binadamu liweze kutenganisha kitu na kitu. Je, huchaguliwa kwa kanuni gani? Na mwanahistoria anayezitazama anapaswa kujua nini kuzihusu? Makala yanajaribu kuonyesha kwamba kanuni kuu ni mwangaza, wala si uzuri au wingi wa rangi, na kwamba mfumo wa majina ya rangi katika Kiswahili unamwandaa msomaji wa lugha hii kuielewa kanuni hiyo. Suala hili si la ufundi mtupu. Baadhi ya kurasa hizo zinaeleza mauaji ya sokoni Nyangwe ya tarehe 15 Julai 1871, na mstari mmoja kusomeka au kutosomeka unaweza kubadilisha jibu la swali la nani aliyehusika.

2.0 Karatasi na Wino

Livingstone aliingia Bambarre kwa mara ya kwanza mwezi Septemba 1869, akifuatana na msafara wa mfanyabiashara Muhammad Bogharib. Baada ya safari zake za upande wa kaskazini alirudi hapo mwezi Julai 1870 akiwa na vidonda vibaya vya miguu, akazuilika hadi tarehe 16 Februari 1871. Mwishoni mwa Machi 1871 alifika Nyangwe, akakaa huko hadi Julai.

Katika kipindi hicho daftari zilimwishia, na wino pia. Alichukua magazeti ya zamani na kurasa za vitabu, akaandika juu ya maandishi yaliyokwisha kuchapwa, akiugeuza ukurasa ili mistari ya mkono wake iikate mistari ya chapa. Shajara ya Nyangwe iliandikwa juu ya gazeti la London liitwalo The Standard, toleo la tarehe 24 Novemba 1869. Barua ndefu aliyomwandikia rafiki yake Horace Waller kutoka Bambarre mwezi Februari 1871 iliandikwa kwa namna hiyo hiyo.

Wino alioutumia ulitokana na mmea, na yeye mwenyewe anautaja kwa jina la zingifure. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja. Ni zingefuri, neno lililoingia katika Kiswahili kupitia biashara ya Bahari ya Hindi likiwa na maana ya rangi nyekundu, na ambalo limetupatia pia mzingefuri, mti ambao mbegu zake hutoa rangi nyekundu inayoelekea umanjano. Hivyo katikati ya shajara ya Kiingereza, juu ya gazeti la London, limehifadhiwa neno la Kiswahili la ufundi wa kutia rangi kama lilivyosikika Maniema kabla ya Kasongo kuwa makao makuu ya Tippu Tip.

Rangi ya mimea ina udhaifu wake: hupauka. Mwandiko ulififia mpaka ukakaribiana na karatasi, ambayo nayo ilikuwa imegeuka manjano kwa unyevu, wakati wino wa chapa, uliotengenezwa kwa masizi, ulibaki mweusi kama siku ya kwanza. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha matakwa ya mwandishi: lililokusudiwa kusomwa lilitoweka, na lisilohitajika likabaki kulifunika.

3.0 Jicho na Mwangaza

Ili kuelewa namna ukurasa wa aina hiyo unavyookolewa, yafaa kwanza kutazama jinsi jicho linavyofanya kazi. Rangi yoyote inayoonekana ina sifa zaidi ya moja. Ya kwanza ni aina yake: wekundu, ukijani, ubuluu. Ya pili ni mwangaza wake, yaani mahali inapokaa kati ya weusi kamili na weupe kamili. Nyekundu inaweza kuwa ya kukolea au ya kupauka, na bado ikabaki nyekundu.

Jicho la binadamu lina aina tatu za seli za kuonea rangi. Ujumbe wa seli hizo huunganishwa katika njia tatu kabla ya kutafsiriwa na ubongo: njia moja hubeba mwangaza, na mbili nyingine hulinganisha nyekundu na kijani, na manjano na buluu. Njia ya mwangaza ndiyo yenye uwezo wa kubeba mambo madogo madogo, kama kingo za herufi, nukta na mikato ya kalamu. Njia za aina ya rangi huona maeneo mapana tu. Ndiyo maana maandishi ya manjano juu ya karatasi nyeupe humchosha msomaji, ingawa hakuna anayekanusha kwamba manjano na nyeupe ni rangi mbili tofauti. Aina zinatofautiana, lakini mwangaza unakaribiana.

Zaidi ya hayo, rangi hazichangii mwangaza kwa usawa. Katika weupe wa kioo cha kompyuta, takriban asilimia 72 ya mwangaza hutokana na mwanga wa kijani, asilimia 21 na mwekundu, na asilimia 7 tu na wa buluu. Wala hisia ya jicho haiendi sambamba na kiasi cha mwanga. Gustav Fechner alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1860, miaka michache tu kabla ya Livingstone kuingia Maniema: mwanga ukizidi, hisia huzidi, lakini kwa kasi inayopungua. Kwa hiyo kitu kinachorudisha asilimia 18 tu ya mwanga huonekana kuwa nusu ya njia kati ya weusi na weupe. Mchoraji wa Marekani Albert Munsell aliitumia hali hiyo katika mfumo wake wa rangi wa mwaka 1905, akizipanga rangi kwa hatua za mwangaza ambazo jicho linaziona kuwa sawa. Mwaka 1976 Tume ya Kimataifa ya Mwanga, CIE, ilitoa kipimo cha mwangaza unaoonekana, kinachoanzia 0 kwa weusi na kuishia 100 kwa weupe.

4.0 Ushahidi wa Majina ya Rangi katika Kiswahili

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi ambavyo ni vya asili na vinavyochukua upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Husemwa kitabu cheupe, nguo nyeusi, udongo mwekundu. Rangi nyingine zote huitwa kwa majina ya vitu au kwa maneno yaliyokopwa. Kijani hutokana na jani, kijivu na jivu, manjano ni kiungo cha jikoni, zambarau ni tunda, kahawia hutokana na kahawa, samawati hutoka katika Kiarabu na buluu katika lugha za Ulaya. Huwezi kuyapatanisha kwa kiambishi cha ngeli. Ni lazima kusema kitambaa cha kijani au chenye rangi ya kijivu.

Brent Berlin na Paul Kay, katika utafiti wao maarufu wa mwaka 1969, walieleza kwamba lugha yenye maneno ya msingi mawili tu ya rangi hutofautisha weupe na weusi, na inapoongeza la tatu, hilo huwa wekundu. Nadharia hiyo imejadiliwa na kurekebishwa mara nyingi, lakini mizizi mitatu ya Kiswahili inalingana nayo. La muhimu zaidi kwa makala haya ni matumizi. Weupe katika Kiswahili si rangi ya chokaa pekee, ni mwanga. Jambo hufanywa peupe linapofanywa hadharani, na alfajiri husemwa kuwa kumekuwa kweupe. Weusi nao ni giza kabla ya kuwa rangi. Kaniki, nguo iliyobebwa na misafara kutoka pwani hadi Maniema pamoja na merikani, ilitiwa nili na aina ya rangi yake ni buluu, lakini kwa ukolevu wake huitwa nguo nyeusi bila mtu kuona kosa. Kwa msemaji, mwangaza hutangulia na aina ya rangi hufuata.

Tukivipima vivumishi hivyo vitatu kwa kipimo cha CIE, jambo la kustaajabisha linajitokeza. Weupe kamili wa kioo cha kompyuta ni 100, weusi kamili ni 0, na wekundu uliokolea kabisa ni takriban 53. Mizizi mitatu ya Kiswahili inaweza basi kupangwa kama ngazi yenye hatua mbili zinazokaribia kuwa sawa. Haidaiwi hapa kwamba wahenga walipima. Kinachodaiwa ni kwamba rangi hizo tatu hazichanganyikani machoni, na kwamba atakaye kutenganisha vitu vitatu juu ya ukurasa mmoja atafanya vema kuzikumbuka.

5.0 Rangi Bandia na Ukurasa Ulioandikwa Mara Mbili

Ukurasa wa Nyangwe una vitu vitatu hasa: karatasi, chapa ya gazeti na mwandiko wa zingefuri. Mradi ulioongozwa na Adrian Wisnicki, uliofanya kazi kwa ushirikiano na Maktaba ya Taifa ya Scotland, ulizipiga picha kurasa hizo mara nyingi, kila picha chini ya mwanga wa aina moja, kuanzia urujuanimno, ambao jicho haliuoni, kupita katika mianga inayoonekana, hadi infraredi, ambayo nayo haionekani. Wanasayansi Roger Easton na Keith Knox, walioshiriki katika mradi huo, walikuwa wamekwisha kutumia mbinu hizo katika kusoma kitabu cha kale cha Archimedes kilichokuwa kimefutwa na kuandikwa upya.

Kanuni yake ni nyepesi. Wino mwekundu huonekana mwekundu kwa sababu humeza mwanga wa buluu na kurudisha mwekundu. Chini ya mwanga wa buluu au urujuanimno, mwandiko wa zingefuri hujitokeza kama weusi. Chini ya mwanga mwekundu au infraredi, hupotea karibu kabisa. Masizi ya chapa humeza mianga yote, hivyo hubaki meusi katika kila picha. Picha moja peke yake haitoshi, lakini picha mbili zikilinganishwa, kila nukta ya ukurasa inakuwa na vipimo viwili, na kwa vipimo hivyo chapa hujitenga na mwandiko.

Hapo ndipo rangi bandia inapoingia. Chukua picha iliyopigwa kwa mwanga mwekundu, uiweke katika sehemu nyekundu ya picha mpya. Chukua ile ya urujuanimno, uiweke katika sehemu za kijani na buluu. Karatasi, inayong'aa katika zote mbili, itakuwa nyeupe. Chapa, iliyo nyeusi katika zote mbili, itakuwa nyeusi. Mwandiko, unaong'aa katika ya kwanza na kuwa mweusi katika ya pili, utakuwa mwekundu. Mbinu ya namna hii ndiyo iliyofanya maandishi ya chini ya kitabu cha Archimedes yaonekane kwa wekundu.

Sasa tuseme mtu amezibadilisha nafasi hizo mbili. Hesabu itakuwa ile ile na habari haitapungua hata chembe, lakini mwandiko utatokea kwa rangi iliyo kati ya kijani na buluu, ambayo mwangaza wake katika hali kamili ni takriban 91. Juu ya karatasi yenye 100, tofauti ni 9 tu. Kwa wekundu ilikuwa 47. Herufi zitakuwapo, na jicho halitazifuata. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba habari inaweza kuwamo katika picha na isimfikie msomaji, kwa sababu tu aliyeipaka rangi hakuzingatia mwangaza.

Mradi ulitumia pia njia ya pili, ya kugawanya kipimo cha picha moja kwa kile cha nyingine. Kwa kuwa chapa na karatasi hutoa majibu yanayokaribiana, chapa hufifia na mwandiko hubaki peke yake, kwa hatua za weusi na weupe bila aina yoyote ya rangi. Ni ngazi ya mwangaza mtupu. Kila njia ina gharama yake. Rangi bandia humwachia msomaji uhusiano wa mwandiko na chapa, lakini pale kalamu ilipopita juu ya masizi herufi hubaki zimefunikwa. Mgawanyo huiondoa chapa, lakini madoa na mikwaruzo ya karatasi hukuzwa pamoja na herufi, na tofauti ndogo ikivutwa kupita kiasi huweza kuonekana kama mkato wa kalamu ambao haukuwapo kamwe.

6.0 Yaliyosomeka Kuhusu Nyangwe

Kwa zaidi ya karne moja, maelezo ya mauaji ya Nyangwe yaliyojulikana zaidi yalitoka katika kitabu The Last Journals of David Livingstone, kilichohaririwa na Waller na kutolewa mwaka 1874, mwaka mmoja baada ya Livingstone kufariki. Kitabu hicho kilitegemea zaidi daftari kubwa ambamo Livingstone mwenyewe alikuwa amenakili na kurekebisha maandishi yake ya safarini. Kinaeleza jinsi watu wenye bunduki waliohusiana na msafara wa Dugumbe walivyowafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wakiwa wanawake, na jinsi wengi walivyozama mtoni. Waarabu wenyewe, kwa mujibu wa kitabu hicho, walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hizo zilipofika Uingereza zilichangia shinikizo lililomfanya Sultani Barghash kutia saini mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar.

Shajara yenyewe ilitolewa wakati huo? La, iliyotolewa wakati huo ilikuwa habari tu kupitia barua. Shajara ya Nyangwe, yenye maneno yaliyoandikwa katika siku zile zile, ilitolewa kwa ukamilifu mwaka 2011. Wahariri wake walionyesha kwamba haiafikiani na kitabu katika kila jambo. Katika shajara, mwenendo wa baadhi ya watu wa Livingstone mwenyewe, waliotumwa kwake kutoka Zanzibar, unaelezwa kwa lugha kali zaidi, na maandishi yanaruhusu shaka kwamba huenda baadhi yao hawakuwa mbali na fujo za siku ile. Katika nakala ya baadaye mambo hayo yamelainishwa.

Hayo ni madai mazito. Yanawahusu waliokufa, ambao vizazi vyao bado vinaishi kando ya Lualaba, na yanamhusu shahidi ambaye neno lake lilipewa uzito mkubwa katika siasa za Afrika ya Mashariki. Madai ya aina hiyo hayawezi kusimama juu ya picha moja iliyotiwa rangi. Neno lenye shaka lapaswa kutazamwa katika rangi bandia, katika mgawanyo, na katika picha ya mwanga wa kawaida; likionekana katika moja tu, liandikwe kuwa ni la shaka. Ushahidi ni tofauti ya mwangaza iliyopimwa na kamera. Rangi ni tafsiri ya ushahidi huo, kama vile tafsiri ya matini kutoka lugha moja hadi nyingine, na haiwezi kuwa juu ya matini yenyewe.

7.0 Kutoka Shajara hadi Ramani

Kanuni hii haiishii katika hati za kale. Wanafunzi wengi hukutana na rangi bandia katika ramani na chati za takwimu. Ngazi iliyozoeleka mno ni ile ya upinde wa mvua, inayoanzia buluu, ikapita kijani na manjano, ikaishia nyekundu. Tukiisoma kwa mwangaza, tunakuta inapanda kutoka 32 kwa buluu hadi 97 kwa manjano, kisha inashuka hadi 53 kwa nyekundu. Takwimu zinapanda tu, lakini jicho linaona mlima wenye kilele katikati na mpaka mkali pasipokuwa na mpaka wowote. Ngazi kama viridis, iliyobuniwa mwaka 2015 kwa ajili ya programu ya kuchora chati iitwayo matplotlib, ziliundwa ili mwangaza upande kwa hatua sawa tangu mwanzo hadi mwisho.

Mfano ulio karibu zaidi na Kasongo na Kabambare ni ramani za usalama wa chakula za mfumo wa IPC, ulioanzia Somalia mwaka 2004 na unaotumika pia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Awamu zake tano hupakwa kijani kilichopauka, manjano, rangi ya machungwa, nyekundu, na nyekundu iliyokolea sana. Kwa mtazamo wa kwanza zinafanana na upinde wa mvua, lakini mwangaza wake hushuka awamu kwa awamu bila kurudi nyuma. Ramani hiyo ikinakiliwa kwa mashine isiyo na rangi, kama inavyotokea mara nyingi katika ofisi na vyuo, hali mbaya zaidi hubaki kuwa nyeusi zaidi. Vilevile humfaa msomaji asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani, hali inayompata takriban mwanamume 1 kati ya 12 wenye asili ya Ulaya, na ambayo ipo pia Afrika.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kurasa za Kabambare na Nyangwe zilisomeka tena kwa sababu mbili zilizokwenda pamoja: kamera iliona mianga ambayo jicho haliioni, na rangi zilizochaguliwa ziliirudisha habari hiyo katika lugha ambayo jicho linaielewa, yaani lugha ya mwangaza. Kiswahili, kwa mizizi yake mitatu, kinamkumbusha msomaji kuuliza kwanza kama kitu ni cheupe au cheusi kabla ya kuuliza ni cha rangi gani.

Kwa watafiti wa historia ya Maniema linalofuata ni la utendaji. Kila picha ya shajara hizi inayonukuliwa katika tasnifu itajwe pamoja na njia iliyotumika kuipaka rangi. Na kila chati inayochorwa ijaribiwe kwa kuiondolea rangi kabisa. Ikiwa maana yake itabaki, imechorwa vema. Ikiwa itapotea, msomaji alikuwa akitazama mapambo.